Utatuzi wa matatizo katika makadirio ya foleni kwa data za simu: dalili, sababu na marekebisho kwa barabara za Dar es Salaam

Mwongozo huu umetokana na hitilafu ambazo hujirudia kila mtu anapoanza kukadiria hali ya barabara za Dar es Salaam kwa kutumia nukta za GPS zinazotumwa na simu za wasafiri. Mwanafunzi wa uhandisi, mtumishi wa halmashauri na kijana anayetengeneza programu ya usafiri hufika mahali pamoja: ramani inapendeza, rangi nyekundu na kijani zimekaa vizuri, lakini kondakta yeyote wa daladala akiitazama anacheka. Lawama hutupiwa modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayogeuza nukta kuwa makadirio ya foleni, vigezo vyake vikabadilishwa usiku kucha, na tatizo likabaki pale pale kwa sababu chanzo chake kiko kabla ya hesabu. Data inahesabu simu, nasi tunaisoma kana kwamba inahesabu magari. Nyingi kati ya dalili zinazofuata ni sura tofauti za kosa hilo moja.

Jambo la lugha kwanza. Vitabu vya fizikia hutumia neno mwendokasi, lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam mwendokasi ni basi, kwa hiyo hapa nitasema kasi. Mtiririko ni idadi ya magari yanayopita alama moja kwa saa, na wingi ni idadi ya magari yaliyomo katika kilomita moja ya barabara kwa wakati mmoja.

Kabla ya kufuata dalili yoyote, tenga nakala ya data ghafi isiyoguswa na hakikisha kila mstari una kitambulisho cha simu kilichofichwa, wakati, latitudo, longitudo, na kadirio la usahihi kwa mita ambalo simu yenyewe hulitoa. Safu hiyo ya mwisho mara nyingi hufutwa na aliyekuletea data ili faili lipungue ukubwa. Irudishe, kwa kuwa bila hiyo sehemu kubwa ya ukaguzi ulio hapa chini haiwezekani.

Dalili ya kwanza: ramani ni ya kijani, magari yamesimama

Malalamiko haya huja zaidi kutoka Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Magomeni, na huja asubuhi. Modeli inatoa kasi ya kuridhisha, ilhali aliye ndani ya gari dogo pale Manzese kwa robo saa hajavuka hata vituo viwili.

Sababu inayoongoza katika barabara hiyo ni mabasi ya mwendokasi. Tangu Mei 2016 mabasi ya awamu ya kwanza hupita katika njia zake katikati ya barabara, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Njia hizo ziko mita chache tu kutoka njia za magari mengine, na simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi hata chini ya anga iliyo wazi, hivyo GPS peke yake haiwezi kukueleza mtu yuko upande gani wa ukingo. Basi moja lililojaa hubeba makumi ya simu, na kila simu ikihesabiwa kama gari, basi hilo moja huzima sauti ya foleni nzima iliyo pembeni yake.

Ukaguzi rahisi ni kuchukua kipande kimoja, kwa mfano Shekilango hadi Manzese, na robo saa moja ya asubuhi, kisha kuchora grafu ya mgawanyo wa kasi. Ukiona vilima viwili vilivyotengana badala ya kimoja, unatazama misafara miwili tofauti, na wastani wake hauelezi hata mmoja kati ya hiyo miwili. Hatua ya pili ni kutazama simu zinasimama wapi: abiria wa mwendokasi husimama kwenye stesheni na kwenye makutano tu, ilhali aliye katika foleni husimama popote.

Marekebisho yake ni kuzikusanya simu zinazosafiri pamoja. Simu zinazobaki karibu karibu kwa kilomita nzima, zikisimama na kuondoka kwa sekunde zile zile, zihesabiwe kuwa chombo kimoja. Chombo hicho kikionyesha tabia ya kusimama stesheni na makutano tu, kiondolewe katika hesabu ya njia za magari mengine na kuwekwa katika safu yake. Hatua hii hii hutibu pia daladala, ambamo abiria wote na dereva wao huonekana kama msururu wa magari.

Sababu ya pili ni bodaboda, na katika barabara zisizo na mwendokasi ndiyo ya kwanza. Bodaboda hupenya katikati ya magari yaliyosimama, na dereva wake anayepokea abiria kwa programu ya simu huacha GPS ikiwaka tangu asubuhi hadi usiku, kwa hiyo mtu mmoja hutoa nukta nyingi kuliko wenye magari kadhaa wakiunganishwa. Ziorodheshe simu kwa idadi ya nukta. Ikiwa sehemu ndogo sana ya simu imetoa nukta nyingi kuliko nyingine zote, tatizo liko hapo. Badili uzito wa hesabu ili kila safari katika kipande kimoja ihesabiwe mara moja, bila kujali imetoa nukta ngapi. Sishauri kuwafuta bodaboda. Wao pia ni watumiaji wa barabara, na atakayekuja kesho kuuliza kuhusu usalama wao atahitaji data hizo, watengwe tu.

Sababu ya tatu huudhi zaidi kwa kuwa tunajitengenezea wenyewe. Karibu kila programu ndogo ya kusafisha data niliyoikagua ina mstari unaofuta nukta zenye kasi iliyo chini ya kilomita 5 kwa saa, kwa hoja kwamba hao ni watembea kwa miguu. Katika jiji hili mstari huo unafuta foleni yenyewe. Simu nazo husaidia uharibifu huo, kwa sababu ili kutunza betri hupunguza kutuma nukta zinapohisi kwamba hazisogei, na matokeo yake gari lililokwama dakika ishirini hutoa nukta chache kuliko lililopita mbio. Ondoa kichujio hicho, kisha pima kasi kwa muda uliopita kati ya kuingia na kutoka katika kipande badala ya kutegemea kasi ya papo hapo iliyoandikwa na simu.

Sababu ya nne ni aina ya wastani. Chukua magari mawili yanayopita kilomita moja, la kwanza kwa kilomita 60 kwa saa na la pili kwa kilomita 10. Wastani wa kawaida ni 35. Lakini la kwanza limetumia dakika 1 na la pili dakika 6, yaani kilomita 2 kwa dakika 7, ambazo ni kilomita 17 hivi kwa saa. Tofauti kati ya wastani huo wa pili na ule wa kwanza ilielezwa na John Wardrop mwaka 1952, na bado hutukwaza. Unapotaka kujua muda wa safari au kuingiza kasi katika modeli ya mtiririko, gawanya jumla ya umbali kwa jumla ya muda.

Simama hapa iwapo umepita hatua zote nne na ramani bado inapingana na barabara, huku kuna mtu anayesubiri matokeo yako ili apange muda wa taa za makutano. Upangaji wa taa ni kazi ya mhandisi wa usafirishaji mwenye vipimo vya makutano yenyewe, na kosa lake huonekana kwa watu kugongwa.

Dalili ya pili: foleni isiyokuwepo

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza: kipande cha barabara kinabaki chekundu siku nzima, hata saa 5 usiku. Kariakoo, Mwenge na Mbagala Rangi Tatu huongoza.

Mara nyingi hao ni watu walio kando ya barabara. Machinga aliyepanga bidhaa zake mita 3 kutoka lami ana simu mfukoni, na simu hiyo haisogei tangu asubuhi. Angalia iwapo nukta za polepole zinatoka kwenye simu zile zile saa baada ya saa. Gari lililo kwenye foleni hatimaye huondoka, ilhali mwenye meza hubaki. Kanuni moja hutosha kwa kesi nyingi: simu ambayo haikuingia katika kipande upande mmoja na kutoka upande wa pili haina haki ya kutoa kasi ya kipande hicho.

Inayofuata ni vituo vya daladala, ambapo gari husubiri lijae wakati barabara iko wazi. Hapo kata mita mia hivi kuzunguka kituo, au ondoa muda wa kusimama kabla ya kugawanya. Baada ya hapo angalia vituo vya mafuta, gereji na barabara za pembeni zinazokwenda sambamba na barabara kuu, ambazo ramani yako huenda haina kabisa.

Kama simu zako hutuma pia data za kipima mchapuko, yaani kihisi cha ndani ya simu kinachonasa mtikisiko, unaweza kutenganisha mtembea kwa miguu na abiria kwa mtikisiko: hatua za binadamu zina mdundo wa takriban mbili kwa sekunde, na injini haina mdundo huo. Tahadhari ni kwamba simu iliyo mkononi mwa abiria anayechati hutoa mtikisiko wa ajabu, na barabara ya vumbi yenye makorongo humfanya abiria wa bajaji aonekane anakimbia. Jaribu kigezo chako kwa safari ulizosafiri mwenyewe kabla ya kukiamini.

Dalili ya tatu: nukta zinaruka barabara, zinapita juu ya nyumba au ziko baharini

Anza na nukta za baharini, kwa kuwa si zote ni kosa. Kati ya Kivukoni na Kigamboni kuna pantoni, na mstari wa nukta unaovuka maji pale ni wa abiria halali ambao modeli ya barabara haina mahali pa kuwaweka. Lizungushie eneo hilo uzio katika ramani na uzitoe nukta hizo. Simu za abiria wa treni kwenye reli zinazoelekea Pugu zinahitaji uzio kama huo.

Kwa nukta nyingine, tazama kwanza ile safu ya usahihi. Simu isiyopata setilaiti hujikadiria kwa mitandao ya Wi-Fi au kwa minara ya simu, na kosa linaweza kufikia mamia ya mita. Ukichuja zote zenye usahihi mbaya kuliko mita 50 na tatizo likaisha, umemaliza.

Lisipoisha, angalia kama kila kitu kimehama kwa umbali ule ule na upande ule ule. Uhamaji wa namna hiyo hausababishwi na simu. Michoro mingi ya zamani ya upimaji nchini ilitumia datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na zote mbili huonekana katika kanda ile ile ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, hivyo namba zinafanana kiasi cha kumdanganya mtu. Ukizipanga moja juu ya nyingine bila kubadilisha, barabara inahama zaidi ya mita mia mbili. Programu za ramani hubadilisha kwa hatua moja ukizieleza ukweli kuhusu chanzo cha kila tabaka. Ikiwa mchoro huo una mipaka ya hifadhi ya barabara au viwanja, usibadilishe mwenyewe. Mpe mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa sababu mstari uliosogea unaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Inabaki hali ngumu zaidi, nayo ni barabara zilizopandiana. Pale TAZARA, tangu 2018, Daraja la Mfugale huwapitisha juu wanaokwenda na kutoka uwanja wa ndege huku Barabara ya Mandela ikibaki chini na taa zake. Pale Ubungo, Daraja la Kijazi lililofunguliwa 2021 lina ngazi tatu. Ukimwekea kila mtu barabara iliyo karibu naye zaidi, utapata magari yanayoruka kutoka daraja la juu kwenda la chini kila sekunde kadhaa. Kimo kinachotolewa na GPS hakisaidii, kwa sababu makosa yake ni makubwa kuliko kimo cha daraja lenyewe. Kinachosaidia ni kuitazama safari nzima: alitoka wapi, alitokea wapi, na je, kati ya nukta hizo mbili kuna njia inayowezekana bila kuruka ukuta? Paul Newson na John Krumm waliiweka hoja hiyo katika mfumo wa minyororo fiche ya Markov, hesabu inayotafuta mfuatano wa barabara unaoelekea zaidi kuwa wa kweli, mwaka 2009, na programu huria nyingi za kubandika nukta kwenye barabara hufuata njia hiyo. Inafanya kazi vizuri nukta zikija kila sekunde 30 au chini ya hapo. Zikija kila dakika tatu, kubali kwamba ndani ya makutano hutajua kilichotokea, na upime kabla na baada yake tu.

Mwisho hakiki ramani yenyewe. Ramani huria ya Dar es Salaam ina maelezo mengi, kwa sehemu kubwa kutokana na kazi ya mradi wa Ramani Huria iliyoanza 2015, lakini mwelekeo wa njia moja na viungo vya madaraja mapya huhitaji jicho la mtu anayepita hapo. Barabara mbili za njia moja zikichorwa kwa mwelekeo uliogeuzwa, programu itamzungusha kila dereva kilomita mbili ili asikiuke sheria ambayo haipo.

Dalili ya nne: kilele cha asubuhi kimehama

Ukikuta foleni kubwa ya asubuhi saa 10 alfajiri badala ya saa 1, tofauti ni saa 3, na maana yake ni kwamba seva huandika muda wa UTC, yaani saa za kimataifa, na hakuna aliyeubadilisha kuwa wa Afrika Mashariki. Ukikuta tofauti ni saa 6, usitafute kwenye seva. Tafuta kwenye karatasi. Mhesabu magari aliandika 1:00 akimaanisha saa 1 asubuhi, kama sote tunavyosema, na aliyeingiza kwenye kompyuta akaisoma kuwa saa moja baada ya usiku wa manane. Vilevile 11:00 ya jioni huhamia kabla ya adhuhuri, na jiji likaonekana lina kilele cha ajabu cha watu wanaorudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Hifadhi kila kitu kwa UTC, badilisha mara moja tu wakati wa kuonyesha, na fomu za kuhesabia zichapishwe saa zikiwa tayari zimeandikwa kwa mifumo yote miwili. Ikiwa karatasi moja ina wahesabu waliotumia mifumo tofauti na hakuna alama ya kuwatenganisha, hesabu hizo hazirekebishiki. Rudia kazi.

Dalili ya tano: kasi ni sahihi, idadi ya magari si sahihi

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi zaidi. Umethibitisha kasi kwa kuendesha gari mwenyewe, inalingana, lakini mtiririko unaokadiriwa ni nusu au mara mbili ya uliohesabiwa kwa macho.

Sababu kuu ni kutegemea kasi itaje mtiririko. Uhusiano wa msingi ni kwamba mtiririko ni zao la kasi na wingi. Njia moja ya barabara yenye magari 24 kwa kilomita yanayokwenda kilomita 50 kwa saa hupitisha magari 1,200 kwa saa. Njia hiyo hiyo ikiwa na magari 120 kwa kilomita yanayokokota kwa kilomita 10 kwa saa hupitisha pia 1,200. Hali mbili zisizofanana hata kidogo zina mtiririko mmoja. Upande wa barabara iliyo wazi ni mbaya zaidi: yakipita magari 200 au 900 kwa saa, kasi hubaki karibu ile ile, kwa hiyo kasi haisemi lolote kuhusu idadi. Mchoro wa Greenshields wa mwaka 1935, unaofanya kasi ipungue kwa mstari ulionyooka kadiri wingi unavyoongezeka, ni mzuri darasani, lakini usiugeuze kuwa mashine ya kuhesabia magari ya Barabara ya Nyerere.

Sababu ya pili ni uwiano wa sampuli, yaani sehemu ya magari ambayo simu zake zinakufikia. Ukiona vyombo 36 katika saa moja na kuamini kwamba vinawakilisha asilimia 3 ya magari, unapata 1,200. Ikiwa kwa kweli ni asilimia 2, jibu ni 1,800. Kosa dogo la asilimia moja limeongeza nusu nzima. Na uwiano huo haukai mahali pamoja: hubadilika kati ya Masaki na Gongo la Mboto, kati ya asubuhi na usiku, kati ya siku ya kazi na Jumapili, hata baada ya ofa mpya ya vifurushi vya intaneti.

Katika jaribio maarufu la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Nokia, tarehe 8 Februari 2008, magari 100 yenye simu yalizungushwa katika barabara kuu ya Interstate 880, na yalitosha kuwakilisha asilimia 2 hadi 5 ya magari. Jaribio hilo lilionyesha kwamba sampuli ndogo kama hiyo hutoa kasi nzuri. Wengi huishia hapo katika kulisoma, wakisahau mambo mawili: lengo lake lilikuwa kasi, na barabara ile ilikuwa na vitambuzi vya kudumu ardhini vya kulinganishia. Barabara zetu nyingi hazina.

Marekebisho huanza na kuhesabu. Chagua sehemu chache, hesabu magari kwa aina zake kwa robo saa robo saa, asubuhi, mchana na jioni, kisha gawanya vyombo vilivyoonekana kwenye data kwa vile vilivyohesabiwa ili kupata uwiano wa kila mahali na kila kipindi. Linganisha vyombo na vyombo, si simu na vyombo. Ule mkusanyiko wa dalili ya kwanza uwe umeshafanyika. Video iliyorekodiwa kutoka ghorofani au kwenye daraja la waenda kwa miguu ni bora kuliko kalamu, kwa sababu unaweza kuirudia mbele ya anayebisha. Baada ya hapo tumia ufafanuzi wa Leslie Edie wa 1963: jumla ya umbali uliosafiriwa na vyombo vya sampuli ndani ya kipande na kipindi, ikigawanywa kwa urefu wa kipande mara muda wa kipindi, ni mtiririko wa sampuli; jumla ya muda wao ikigawanywa kwa zao hilo hilo ni wingi. Kila kimoja kigawanywe kwa uwiano uliopimwa. Kasi inayotokana na viwili hivyo haiathiriwi na uwiano, na ndiyo maana kasi yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tahadhari: usisimame kwenye ukingo wa kati wa barabara ili kuhesabu magari, na usimtume mwanafunzi asimame hapo. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS na nyingi za mitaa chini ya TARURA. Omba kibali, vaa fulana ya kuakisi mwanga, na wajulishe askari wa usalama barabarani. Masanduku ya umeme ya taa za makutano hayafunguliwi na mtu wa data kwa sababu yoyote ile.

Dalili ya sita: makadirio yanarukaruka kila dakika tano

Hesabu kwanza una vyombo vingapi. Ukiwa na 36 kwa saa, kila dakika tano unapata 3, na kosa sanifu, yaani kiasi ambacho hesabu ya 3 hutarajiwa kuyumba kwa bahati tu, ni zaidi ya nusu yake. Kwa kasi hali ni nafuu: magari yakitofautiana kwa kilomita 10 kwa saa kutoka wastani, unahitaji takriban vyombo 16 ili uwe ndani ya kilomita 5 kwa uhakika wa asilimia 95, na 43 ili uwe ndani ya kilomita 3. Usipovipata, ongeza kipindi kuwa robo saa au unganisha vipande vifupi.

Lakini kabla ya kulainisha mstari, utazame. Mstari ukipanda na kushuka kwa mpangilio, huenda huo ndio ukweli. Askari wa trafiki akiwa ameshika makutano huweza kuruhusu upande mmoja dakika kadhaa, kisha mwingine, na dirisha la dakika tano hunasa mara huku mara kule. Niliwahi kupoteza wiki mbili nikirekebisha kichujio cha Kalman, hesabu ya kulainisha makadirio yanayoyumba, kwa ajili ya mawimbi ambayo yalikuwa mkono wa askari. Kipindi cha hesabu kiwe kirefu kuliko mzunguko mzima wa makutano, na saa hizo za askari ziwekewe alama katika data, maana modeli iliyofunzwa kwa taa haitawafahamu.

Dalili ya saba: modeli ilikuwa nzuri, imeharibika ghafla

Tazama tarehe. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Msimbazi hujaa, Barabara ya Morogoro hufungwa Jangwani, na magari yote hutafuta njia nyingine. Daraja jipya nalo hubadilisha mazoea: baada ya Daraja la Tanzanite kuanza kutumika 2022, data za miaka ya nyuma za Daraja la Selander hazikufaa tena kufunzia. Kama hakuna mvua wala daraja, uliza kama programu inayotuma data imesasishwa.

Hatari iko katika kujaza mapengo. Barabara ikifungwa, nukta hukoma, na mifumo mingi ikikosa nukta huweka wastani wa siku zilizopita. Ramani inabaki ya kijani juu ya maji. Kipande kisicho na data kipakwe kijivu, na wastani wa zamani usiruhusiwe kuonekana kama hali ya sasa. Siku ya mafuriko zima ushauri wa njia katika eneo hilo na uwaelekeze watu kwa matangazo ya mamlaka.

Dalili ya nane: katika ramani inaonekana safari ya mtu mmoja

Ukivuta ramani karibu na kuona mstari unaotoka nyumba fulani Tabata kila asubuhi hadi ofisi fulani Posta, una tatizo ambalo si la hesabu. Kuficha kitambulisho hakutoshi: utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake wa mwaka 2013, uliotumia data za simu za watu milioni 1.5, ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao.

Badilisha vitambulisho kila siku, kata mwanzo na mwisho wa kila safari kwa umbali usiofanana, na usitoe kipande chochote chenye vyombo vichache kwa kipindi husika. Kwenye mtaa wenye nyumba chache, kukata mita 200 bado humwacha mtu kwenye kona ya kwao. Hapo anza kuonyesha kuanzia barabara kubwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume iliyoundwa chini yake ndiyo inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za namna hii. Kama faili lenye safari kamili limeshatumwa kwa mtu wa nje, hata kwa barua pepe moja tu, acha kazi ya modeli siku hiyo, usifute kumbukumbu za nani alitumiwa nini, na umtafute mwanasheria wa taasisi yako kabla ya kulitengeneza faili jingine.